Hilo faili la maswali 60 lifute kabla hujafika nalo ukumbini

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne kuhusu chemsha bongo ya kikundi chenu cha wapanda milima hapo Mbeya, watu thelathini, jioni mkishashuka Loleza: zawadi ziwe nini, kila kundi liwe na watu wangapi, ukumbi uwe mtaa wa Forest au wa Soweto, na raundi ziwe ngapi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, ukaongeza kwamba maswali si tatizo, umetumiwa faili WhatsApp lenye maswali 60 na majibu yake. Hayo manne ya kwanza hayawezi kukuharibia jioni. Hilo la mwisho litakuharibia, na mimi nimeshalipia kosa kama hilo kwenye chemsha bongo ya Iringa, ndiyo maana siwezi kupita kimya.

Umebandika mifano kumi ya hayo maswali. Nimeisoma yote. Sita ni mabovu. Naposema bovu simaanishi tu kwamba jibu lililoandikwa pale limekosewa. Namaanisha kwamba mtu mwingine mezani anaweza kuandika jibu jingine kabisa, naye akawa sahihi, na wewe uliyeshika maiki ukakosa la kumwambia.

Kanuni ni moja, ishike hata ukisahau mengine yote: swali lisisomwe mbele ya watu mpaka mtu anayejua mambo amejaribu kulivunja akashindwa.

Chukua swali lako la kwanza: "Mlima gani ni mrefu kuliko yote Nyanda za Juu Kusini?" Faili linasema Rungwe. Vitabu vingine vinaipa Rungwe mita 2,960, vingine 2,961, vingine 2,981. Halafu upande wa milima ya Kipengere kuna kilele cha Mtorwi, kinachoandikwa mita 2,961. Sasa wewe unawauliza wapanda milima, mkuu! Siyo wauza nyanya wa Mwanjelwa. Kwenye kila kundi kuna mtu mmoja anayetembea na ramani kichwani, na huyo ataandika Mtorwi bila kusita. Utamkosesha kwa kitabu gani?

Wengi wakifika hapo wanafikiri kutengeneza swali ni kubadilisha maneno mawili matatu. Wanaandika: "Wilaya gani ya Mkoa wa Mbeya imebeba jina la mlima?" Wanaona wamemaliza, jibu ni Rungwe. Limevunjika tena papo hapo, kwa sababu kuna Kilele cha Mbeya na kuna Wilaya ya Mbeya. Lizibe zaidi: "Wilaya ambayo makao makuu yake ni Tukuyu imebeba jina la mlima gani?" Hapo pana jibu moja tu. Hata mtu asiyejua urefu wa mlima wowote anaweza kulifikia kama amewahi kushuka stendi ya Tukuyu akanunua ndizi. Swali zuri linampa asiyejua njia ya kutafuta, na halimwachii anayejua sana pa kubishia.

La kipunji, yule tumbili wa misitu ya huko kwenu, ndilo bovu kuliko yote, na ndilo nililotaka ulione kwa karibu. Faili linauliza: "Kipunji aligunduliwa mwaka gani?" Jibu lililoandikwa ni 2005. Weka karatasi tano mezani uone. Wa kwanza anaandika 2003, kwa sababu ndio mwaka watafiti walipomwona kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone. Wa pili anaandika 2004, kwa sababu mwaka huo timu nyingine ilimkuta Ndundulu, kule Udzungwa. Wa tatu 2005, mwaka maelezo yake ya kisayansi yalipochapishwa kwa jina la Lophocebus kipunji. Wa nne 2006, maana ndipo alipohamishiwa kwenye jenasi yake mwenyewe (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu), jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu 1923. Wa tano, na huyu ndiye atakayeuchoma ukumbi, anaandika kwamba hakugunduliwa: wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumwita kipunji kabla ya mtafiti yeyote, na watafiti wenyewe walianza kumtafuta baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji. Wote watano wana hoja. Tatizo ni neno "gunduliwa", ambalo halisemi ni nani anamgundua nani.

Ukitaka mwaka, uliza tukio lenye tarehe: "Maelezo ya kwanza ya kisayansi ya kipunji yalichapishwa mwaka gani?" Ila mimi ningeacha kabisa habari ya mwaka, niulize hivi: "Mwaka 2006 kipunji aliwekwa kwenye jenasi mpya iliyopewa jina la mlima wa Mkoa wa Mbeya. Mlima gani?" Jina la jenasi ni Rungwecebus, kwa hiyo jibu ni Rungwe. Angalia tu usilitumie usiku mmoja na lile la Tukuyu, maana jibu likijirudia makundi yanaanza kukisia kwa mkumbo.

Kuna maswali yaliyokuwa mazima yakaoza. "Hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania ni ipi?" Faili lako linasema Ruaha. Aliyeliandika hakudanganya wakati huo: Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa na Ruaha mwaka 2008, Ruaha ikaipita Serengeti. Lakini mwaka 2019 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nayo ikaipita Ruaha. Jibu limebadilika mara mbili ndani ya miaka kumi na moja, na faili linaendelea kusambazwa kama andazi la juzi. Vivyo hivyo "Kimondo cha Mbozi kipo mkoa gani?" Wameandika Mbeya. Mbozi iko Songwe tangu mkoa huo uanzishwe 2016! Na usijiokoe kwa kuuliza uzito wake, maana utasikia tani 12, utasikia 16, utasikia 25, kila mtu na kibao au kitabu chake.

Ziwa Ngozi, hilo la "la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya volkeno", liache. Linarudiwa kila mahali, lakini hakuna anayekwambia kimepimwa nini: eneo la maji, kina, au upana wa kaldera, yaani bonde la volkeno lenyewe. Uliza lipo kwenye milima gani, watu waandike Poroto, mwendelee.

La Kilimanjaro linatengenezeka kwa maneno machache tu. Shuleni tumefundishwa mita 5,895, ila upimaji wa satelaiti wa 1999 ulitoa 5,892, na mpanda milima makini anaijua hiyo. Kwa hiyo usiulize urefu wa mlima. Uliza: "Kibao cha Kilele cha Uhuru kimeandikwa mita ngapi?" Kibao hakina mjadala. Kimeandikwa 5895, na waliofika wana picha.

Pitia maneno yenyewe na kalamu nyekundu: "mrefu zaidi", "kubwa kuliko", "wa kwanza", "pekee", "aligunduliwa", "ilianzishwa". Kila unapolikuta mojawapo, jiulize nani kapima, lini, na kwa maana ipi. Hata Tanzania yenyewe ukiuliza ilianza lini bila kuziba, mmoja ataandika 26 Aprili 1964 kwa sababu ya Muungano, mwingine 29 Oktoba 1964 kwa sababu ndipo jina la Tanzania lilipoanza kutumika rasmi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo ujenzi ulikamilika 1975, makabidhiano yakawa 1976. Linganisha na hili: "Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka gani?" Ni 1954, tukio moja, siku moja, halina mlango wa nyuma. Au: "Hifadhi gani ya taifa wenyeji huiita Bustani ya Mungu?" Kitulo. Hayo ndiyo maswali.

Sasa yule aliyenipotosha mimi, na nina uhakika kuna mtu anakwambia wewe maneno yale yale leo: "Wewe soma tu, uamuzi wa msoma maswali ni wa mwisho." Nina hasira na ushauri huo mpaka kesho. Unafaa kwenye mashindano ya fedha yenye mkataba na majaji. Kwenye kikundi cha marafiki haufai hata kidogo. Ukimwambia mtu aliye sahihi kwamba amekosa na mjadala umefungwa, atanyamaza kweli. Atanyamaza, atakunywa chai yake, na mwezi unaofuata hutamwona mlimani. Na aliyekwambia hayo maneno hatakuwepo ukumbini siku hiyo kupokea macho ya watu.

Tena hesabu yenyewe haina huruma. Thelathini ni makundi sita ya watu watano. Kwa maswali 40, wa kwanza na wa pili huwa wanapishana alama moja au mbili. Kwa hiyo swali moja bovu ndilo linalochagua mshindi. Ukilifuta baada ya kusahihisha, aliyepata umemnyang'anya. Ukimpa kila kundi alama, umefanya kitu kile kile, maana pengo kati yao linabaki kana kwamba swali halikuwepo. Hakuna dawa nzuri karatasi zikishasahihishwa, na ndiyo sababu kazi yote inafanyika kabla.

Fanya hivi. Andika maswali 48 ingawa utasoma 40. Kila moja kwenye kipande chake, karatasi ya A4 iliyokatwa nne inatosha. Mbele andika swali kama litakavyosomwa, neno kwa neno. Nyuma andika jibu, majibu mengine utakayokubali (tahajia, jina la zamani, jina la kienyeji), vyanzo viwili, na tarehe uliyohakiki. Vyanzo viwili maana yake viwili visivyonakiliana. Kurasa kumi zenye sentensi ile ile, hadi koma iliyokosewa mahali pale pale, ni shahidi mmoja aliyevaa mashati kumi.

Siku nne kabla, mpe mtu asiyecheza. Mwalimu wa jiografia anafaa, mwongoza watalii anafaa zaidi. Usimwambie ajibu. Ukimwambia ajibu, atajitahidi kukisia ulichofikiria wewe, na swali bovu litapita salama. Mwambie: "Nitafutie jibu la pili ambalo nitashindwa kulikataa." Hiyo sentensi moja ndiyo inafanya kazi yote. Mimi nikipeleka 48, huwa natoka na 36 hadi 40 zikiwa nzima, nyingine narekebisha au natupa. Zikipungua, punguza raundi. Afadhali maswali 30 yaliyofungwa vizuri.

Usiku wenyewe soma kila swali mara mbili, kisha waache sekunde 45. Wajibu kwa peni, siyo penseli. Pingamizi lipokelewe kabla jibu halijatangazwa: uliza "Kuna swali lenye utata?" wakati karatasi zote zimeshakusanywa na bado hakuna anayejua kapata ngapi. Hapo mtu anabishia swali, habishii alama zake. Pingamizi likiwa la kweli, toa swali hilo na usome moja la akiba, makundi yote sita yajibu upya.

Na sare ikitokea, usiende tena kwenye vitabu. Chukua chupa ya lita moja inayoonyesha ndani, ijaze maharage, uyahesabu mwenyewe nyumbani mara mbili, uandike idadi kwenye karatasi na kuifungia ndani ya bahasha. Kila kundi likisie, aliye karibu zaidi ameshinda. Maharage hayana toleo jipya wala kipimo cha satelaiti. Bahasha inafunguliwa, mwenye shaka anamwaga chupa mezani anahesabu.

Raundi, zawadi na ukumbi wengine humu watakusaidia. Wewe usibandike maswali zaidi hapa hadharani, wanachama wenu wamo humu na wanasoma. Yale kumi tayari yameungua, usiyatumie. Hayo hamsini yaliyobaki nitumie faragha leo, nianze kuyavunja usiku huu.