Usitoe upepo kwenye tairi eti kwa sababu unaenda Mombasa

Ndugu yangu, tafadhali usiutoe huo upepo. Umesema Ijumaa unashuka Mombasa kwa gari lako la Toyota Fielder, watu watano na mizigo, na mhudumu wa kituo cha mafuta amekushauri ushushe tairi hadi 26 PSI (kipimo cha upepo wa tairi) kwa sababu ya joto la Pwani. Umeuliza pia kuhusu naitrojeni, kubadilishana tairi za mbele na nyuma, na kampuni ipi ni bora. Hayo yangoje. Hiyo 26 ndiyo itakayowaumiza.

Tairi nzima haipasuki kwa kuwa hewa imepanuka. Inapasuka kwa kuwa upepo ni mdogo. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu wa tairi legevu hukunjika na kunyooka, na kukunjika huko ndiko kunakozaa joto. Weka watu watano, mwendo wa 100, lami ya saa saba mchana kati ya Emali na Mtito Andei, na mpira unaanza kuachana na nyuzi zake kwa ndani wala huoni kitu. Aliyekwambia joto linataka upepo mdogo amegeuza mambo miguu juu. Inaniudhi sana, kwa sababu ushauri huu unatolewa kila siku tena kwa kujiamini, na anayeutoa hatakuwa ndani ya gari tairi ikipasuka.

Ni kweli presha hupanda safarini. Tairi iliyosoma 33 alfajiri inaweza kusoma 37 au 38 ukifika Mtito. Ndivyo inavyotakiwa, waliotengeneza gari walishalipigia hesabu joto hilo. Ukiishusha hapo hadi 33, kesho asubuhi ikipoa itasoma 28 au 29, na wewe unadhani iko sawa. Kwa hivyo shika hili moja: pima tairi ikiwa baridi, jaza kama stika ya gari inavyosema, na usitoe upepo tairi ikiwa moto. Hata ukibembelezwa.

Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari likiwa limetoka Japani maandishi ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: saizi ya tairi, kisha kPa, kipimo kingine cha upepo, za mbele na za nyuma. kPa 220 ni 32 PSI, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Hakikisha saizi hiyo ndiyo uliyofunga. Kukiwa na mstari wa mzigo kamili, fuata huo. Kama haupo, ongeza PSI 2 au 3 nyuma. Ile PSI 44 au 51 iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe, si kipimo cha gari lako. Ukijaza hivyo tairi italika katikati, haitashika barabara vizuri, na shimo moja tu linaweza kuiachia nundu.

Baridi maana yake gari limelala, au limesimama kwa muda wa saa tatu, au limetembea chini ya kilomita 2. Kituo kikiwa mbali, pima nyumbani kwa geji yako, andika kila tairi inapungukiwa ngapi, kisha ukifika ongeza hicho kilichopungua tu, hata geji ya pale ikisoma juu. Geji za vituoni huangushwa sakafuni kutwa, mimi siziamini.

Ukitoka Nairobi, karibu mita 1,700, hadi usawa wa bahari, geji itasoma kama 2.5 PSI chini, kwa kuwa hewa ya nje kule inakandamiza zaidi. Joto hurudisha sehemu kubwa, kwani kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza kama 2 PSI. Pima tena asubuhi ya kwanza ukiwa huko kabla gari halijatoka.

Na kama kuna tairi iliyowahi kutembezwa ikiwa karibu kuisha upepo, fundi aivue kwenye rimu, upanguse ndani kwa vidole. Vikitoka na unga mweusi wa mpira, ubavu umeshasagika. Hiyo isiende safari hata ukiijaza sawasawa.

Naitrojeni usiilipie, hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Afadhali ufungue buti uipime spea. Ikiwa ni ile nyembamba, inataka 420 kPa, yaani karibu 60 PSI, na isipite kilomita 80 kwa saa.