Ndoa Desemba, dawa iwekwe lini?

SWALI: Dada zangu, habari za kazi. Sendofu yangu ni Ijumaa tarehe 27 Novemba, na ndoa ni Jumamosi tarehe 12 Desemba, saa 8 mchana. Nywele zangu ni za dawa ya kulainisha. Mara ya mwisho niliweka mwishoni mwa Agosti, na sasa nimesuka rasta. Kwenye sendofu nataka kushonea wivingi, na siku ya ndoa nibane nywele zangu mwenyewe nyuma, chini ya shela. Fundi anasema tuweke dawa na rangi kwa pamoja siku mbili kabla ya ndoa, ili ziwe mpya. Nikubali?
Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

JIBU: Hongera sana, dada, lakini usikubali. Dawa huulegeza unywele kwa ndani, na rangi yenye peroksaidi huudhoofisha zaidi. Vikikutana siku moja nywele hukatika, na siku mbili hazitoshi kurekebisha chochote. Chagua kimoja, ushauri wetu ni uache rangi.

Anza na rasta. Zifumue zote ifikapo tarehe 31 Oktoba. Ule uchafu ulioganda kwenye mashina utoe kwa vidole kabla ya kuosha, maana ukilowa nywele hufungana na mwisho wake ni mkasi. Kisha zipumzishe wiki mbili. Kufumua na kuchana huacha michubuko midogo usiyoiona, na dawa ikiingia humo inaunguza.

Dawa iwe Jumamosi tarehe 14 Novemba. Siku 3 kabla yake usioshe wala kukuna kichwa. Fundi akupake vaselini masikioni na kwenye ukingo wa nywele, halafu aweke dawa kwenye nywele zilizoota tu. Akiivuta hadi kwenye zile za zamani, zitakonda na kukatika. Ukihisi inachoma, ioshwe papo hapo hata kama dakika hazijafika. Kuvumilia ndiko kunakoleta vidonda. Simamia pia shampuu ya kukata dawa, ipite mara 2 au 3. Saluni yenye foleni hupenda kuharakisha hapa, na dawa iliyobaki kichwani huendelea kula nywele.

Wivingi ya sendofu tungeiacha. Kushonea juu ya nywele zilizotoka kwenye dawa, kisha kufumua baada ya siku chache, ni kuzivuta bure. Vaa wigi juu ya mistari iliyosukwa kwa kulegea.

Jaribio la mtindo wa ndoa lifanyike Jumamosi tarehe 21 Novemba. Nenda na shela yenyewe, hereni na picha ya shingo ya gauni. Pima muda tangu unapokaa mpaka pini ya mwisho, halafu kaa na shela saa 2 nzima. Shela ndefu huvuta, na kitana chake kikichomekwa kwenye nywele laini tupu kitateleza. Fundi asuke mistari 2 mifupi chini ya kibanio, kitana kishike hapo.

Osha Ijumaa tarehe 11, si asubuhi ya ndoa, kwa sababu nywele zilizotoka kuoshwa hazishiki pini. Weka rola, ukauke kwenye draya jioni hiyo hiyo, ili umeme ukikatika Jumamosi usikukwamishe. Mafuta yawe kidogo, jeli iwe ya aina moja. Ukichanganya jeli mbili, hutoa ukoko mweupe unaoonekana kwenye picha. Jumamosi fundi aanze saa 2 asubuhi, nawe uvae shati la vifungo, lisilopita kichwani.

SWALI: Nimesuka jana, harusi ya dada yangu ni keshokutwa. Kichwa kinauma na vipele vimetoka kwenye ukingo wa nywele. Ninywe dawa ya maumivu nivumilie?
Msimamizi, Morogoro

JIBU: Dawa ya maumivu haiondoi mvuto. Vipele hivyo vinaonyesha mizizi inavutwa, na ikivutwa hivyo mara kwa mara ukingo hubaki kipara. Leo hii fumua safu yote ya mbele na isukwe upya kwa kulegea, kila rasta ikiwa na nywele zako nyingi zaidi na za bandia chache. Usizibane juu mpaka maumivu yaishe. Siku ya harusi ziachie mgongoni. Vipele vikitoa usaha, fumua kichwa chote na uende zahanati.