Scrooge asigeuke ghafla: kwa mwalimu wa maigizo

Mwalimu, umesema watazamaji hawaamini Scrooge wenu anapobadilika, ingawa kijana anayemwigiza analia vizuri sana kwenye kaburi lake mwenyewe. Tatizo ndilo hilo: toba yote mmeiweka kaburini. Katika A Christmas Carol, hadithi ya Charles Dickens ya 1843, bahili huyu anaanza kulegea mapema, na kila mara kwa jambo dogo.

Wa kwanza kati ya mizimu mitatu inayokuja kumbadilisha unamwonyesha alivyoachwa peke yake shuleni utotoni. Hapo anamkumbuka mvulana aliyekuja kuimba mlangoni kwake, naye akamtimua kwa rula. Anatamani angempa chochote. Kwenye dansi ya Fezziwig, bosi wake wa zamani, anatamani kuzungumza na karani wake, Bob Cratchit. Kwa mzimu wa pili anauliza kama Tiny Tim, mtoto mgonjwa wa Bob, ataishi. Maneno hayo matatu msiyakate hata muda ukiwabana. Wengi huyakata kwa kuwa ni mafupi, na mchezo unaharibikia hapo hapo. Ayatamke kwa sauti ya chini, akisitasita, bila machozi.

Kisha tumieni makaa ya mawe. Mwanzoni karani anatetemeka mbele ya kijimoto, na ndoo ya makaa iko chumbani kwa Scrooge. Mwishoni Scrooge anamwongezea mshahara na kumtuma akanunue ndoo nyingine. Kwa hiyo ndoo ionekane tangu pazia la kwanza. Mnyororo wa Marley, mshirika wa Scrooge aliyekufa na kurudi kama mzimu, nao uning'inize funguo, makufuli na madaftari ya hesabu, la sivyo watu watadhani ni mfungwa katoroka.