Kuhusu kula majani ya mbuyu huko Mali

Majani ya mbuyu huliwa, na si chakula cha wakati wa njaa pekee kama wengine wanavyodai, bali ni mboga ya kawaida kabisa vijijini Mali na Burkina Faso. Majani huchumwa majira ya mvua, mengi yakaanikwa na kutwangwa hadi yawe unga wa kijani, ambao ukikorogwa katika mchuzi huvutika sawasawa na mlenda na kuliwa pamoja na tô, yaani ugali wa uwele au mtama. Ni muhimu sana majani hayo yaanikwe kivulini, kwa sababu jua kali huharibu sehemu kubwa ya viini vya vitamini A vilivyomo.

Kuyapanda bustanini pia kunawezekana: mbegu, ambazo ganda lake ni gumu mno, huloweshwa kwanza katika maji ya moto, kisha husiwa kwa kubanana kwenye tuta, na miche ikishanyanyuka kidogo hukatwa na kuachwa ichipue upya, hivyo mama mwenye bustani hahitaji kumsubiri kijana wa kukwea mti mrefu na kumchumia majani.

Tahadhari ni moja. Mbuyu mkubwa unaokatwa matawi yake mara kwa mara kwa ajili ya majani huzaa matunda machache, kwa hiyo mwenye kutaka ubuyu wa kuuza na majani ya mchuzi ni bora atenge miti ya kila kazi.