Maltituli kwenye nyumba ya mawe na chokaa: jibu kwa ndugu yetu wa Wete

Assalaam alaykum wote. Ndugu yetu wa Wete anaitengeneza nyumba ya marehemu baba yake, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Miimo ya milango miwili imeliwa na mchwa kwa chini, anataka kutandika tailizi sebuleni bila kuing'oa milango, na chooni kuna grauti (ile saruji ya kujazia mistari kati ya tailizi) iliyokwisha kuwa nyeusi anataka kuitoa. Grinda anayo, drili anayo. Ameuliza kama maltituli, ile mashine ya bledi inayotikisika, ni kitu cha maana au ni pesa za kutupa, na kama ni ya kununua, achukue ya waya au ya betri. Wengi mmemjibu kuwa grinda inatosha.

Yakhe, kwa miimo hiyo grinda haitoshi. Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kuharibu mlango wa watu kwa grinda, na sitaki uuharibu wa baba yako.

Mimi ni seremala, kazi zangu nyingi ziko Mji Mkongwe. Miaka ya nyuma nilipewa mlango wa kuchonga, nyumba ya Kiponda. Mguu wa mwimo wa kulia ulikuwa umeoza kiasi cha shubiri moja kutoka chini. Nikafunga diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grinda, nikapiga mstari, nikakata. Sasa fikiria umbo la diski: ni duara. Ukitaka ifike ndani kwenye kona, ubavu wake wa nje lazima upite mstari. Ikapita kama vidole vitatu na kuingia kwenye ule mnyororo unaochongwa pembeni mwa mwimo. Pete mbili za mnyororo zikakatika, na mbao ikaungua nyeusi. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima. Hakunigombeza. Aliinama akapitisha kidole pale palipokatika, akainuka, akaingia ndani. Nikaja kuzichonga upya pete zile kwa patasi siku mbili bila malipo, lakini ukiujua mlango utaona. Na hiyo ni mbali na hatari yenyewe: diski ya meno ya kukatia mbao kwenye grinda ikikwama inaruka kwa nguvu ambayo mkono hauizuii. Usifunge diski ya namna hiyo kamwe.

Maltituli haizunguki. Bledi inakwenda huku na huku, kiasi cha nyuzi za pembe 1.5 hivi kila upande, lakini kwa kasi inayofika mitikisiko 20,000 kwa dakika. Kama umewahi kuvunjika mkono ukaenda kukatwa plasta hospitali, umeshaiona kazi yake: ule msumeno wa daktari unatumia njia hiyo hiyo, tangu miaka ya 1940 huko Marekani. Plasta ni ngumu, imetulia, meno yanaila. Ngozi ni laini, inacheza pamoja na meno, kwa hivyo haikatiki kirahisi. (Usijaribu kwa bledi ya mbao. Meno yake ni marefu na makali, yatakukata vizuri sana.) Lakini lishike hilo, maana ndilo linaloiendesha mashine hii katika kila kazi: kilichoshikika hukatwa, kinachocheza hucheza nayo. Ubao uliolegea hautakatika, utapiga kelele tu na bledi itapata moto. Ufunge kwanza, au uutie kabari, ndipo ukate.

Na chokaa je? Plasta ya chokaa ya zamani mara nyingi imeshaachana na jiwe, ukiigonga inalia utupu. Ukiitikisa inadondoka bapa zima. Kwa hivyo kabla ya kugusa mwimo, mimi huchora ufa mwembamba kwenye plasta kando ya mbao kwa bledi ya chenga za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), kasi ya chini, ili itakayodondoka iishie kwenye ufa na isiondoke na ukuta wote.

Nikueleze kazi ya mwimo jinsi ninavyoifanya sasa, kwani hiyo ndiyo uliyonayo mbele yako.

Kwanza tafuta palipo hai. Choma mbao kwa bisibisi kutoka chini kwenda juu. Palipooza inaingia kama kwenye mkate. Ukifika mahali inagoma, panda vidole viwili zaidi, hapo ndipo pa kukata. Pili, tafuta misumari. Milango ya zamani ina misumari ya chuma iliyofuliwa kwa mkono na haionekani juu kwa sababu ya rangi. Pitisha sumaku polepole. Kuna mwimo mmoja Malindi ya hapa Mji Mkongwe niliuamini kwa macho, nikaweka bledi ya mbao tupu. Nilisikia mlio umebadilika kidogo tu, nikaitoa, na meno yote ya katikati yalikuwa yamekwenda, laini kama ukingo wa kijiko. Msumari ulikuwa na mkwaruzo tu.

Kwa hivyo kwenye mbao ya zamani anza na bledi ya baimetali, yenye chuma kinachopindika mgongoni na chuma kigumu kwenye meno. Ile inakata mbao na msumari wa kawaida. Skrubu ngumu za siku hizi zitaimaliza. Hizo zinataka bledi yenye meno ya kabaidi.

Washa mashine kabla haijagusa mbao. Anza na kona moja ya bledi mpaka ipate njia, kisha ilaze taratibu. Usisukume. Mkono unaosukuma unayazuia meno yasitoe unga, unga ukibaki ndani unaungua, utaona moshi na utasikia harufu, na bledi iliyoungua imekufa. Ipeleke kushoto na kulia kidogo kidogo, itoe kila baada ya muda ipumue. Kasi ya juu kwa mbao, ya chini ukikutana na chuma. Ikienda sawa utaona unga unatoka mkavu na mwepesi, rangi ya mbao yenyewe. Ukianza kuwa kahawia, punguza mkono.

Bledi ya kawaida inaingia kama sentimita 4. Mwimo wa zamani ni mnene kuliko hivyo, kwa hivyo unakata mbele, unakata nyuma, na kikibaki chochote katikati unakimaliza kwa msumeno wa mkono mwembamba au patasi. Huo ndio ukweli wa mashine hii: ni ya pale ambapo nyingine hazifiki. Anayetaka kupasulia mbao kwayo ataichukia wiki ya kwanza.

Kipande kipya kiwe mvule au msaji, kiungwe kwa mkato wa mshazari ili maji yasikae kwenye kiungo, na kishikwe kwa vijiti vya mbao. Na tafadhali sana, mguu usigusane na udongo wala sakafu inayotoa unyevu. Weka bapa la jiwe au kipande cha tailizi chini yake. Mchwa alipita hapo kwa sababu mbao ilikuwa imekaa kwenye unyevu. Ukirudisha mbao mpya pale pale, umemtengea chakula kingine. Na kuziba pembeni ziba kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zinanyonya maji kutoka chini na kuyatoa kupitia chokaa. Saruji inayafungia ndani, na yanapokosa pa kutokea yanaelekea kwenye mbao. Nimefungua miimo mingi iliyooza na nyuma yake nikakuta kiraka cha saruji.

(Wenzetu wa Mji Mkongwe mnaosoma: kabla ya kugusa mlango au ukuta piteni kwanza Mamlaka ya Uhifadhi. Mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na milango hii ni sehemu ya sababu yake.)

Tailizi ni rahisi, na kwa kazi hiyo peke yake mashine inajilipa. Chukua kipande cha tailizi utakayotandika, kiweke sakafuni mbele ya mwimo, chini yake tia kadibodi yenye unene wa gundi utakayotumia. Laza bledi juu ya tailizi, ibane hapo, kata mwimo kwa ulalo. Ukiondoa kile kipande, tailizi inaingia chini ya mbao kama vile ilikuwepo tangu nyumba ijengwe. Huhitaji kuchonga tailizi kufuata umbo la mwimo, ambako hata fundi mzuri huacha tundu la kujazia silikoni.

Grauti ya chooni: bledi ya nusu duara yenye chenga za kabaidi au almasi. Pima unene wa bledi dhidi ya mstari kabla hujanunua, maana mistari ya tailizi za siku hizi ni myembamba na bledi nene itazimega kingo. Kasi ya katikati, vuta kwenda na kurudi, usisimame mahali pamoja. Ukuta uwe mkavu.

Sasa ununuzi. Mbali na jina, tazama mambo mawili: kasi iwe ya kurekebishika, na jinsi bledi inavyofungwa. Kuna vishikio vya aina tofauti. Ile ya Starlock, iliyoletwa na kampuni za Bosch na Fein mwaka 2016, ina saizi tatu. Mashine ya Starlock Max inachukua zote, lakini ya Starlock ya kawaida haichukui zile kubwa. Mashine nyingine zina vishikio bapa vya matundu mengi. Dukani, Darajani au hapo Chake, usiulize tu kama wanazo bledi. Ishike mashine mkononi, funga bledi, uone. Mashine nzuri ambayo bledi zake zinapatikana Dar tu itakulaza kazi katikati.

Kwa nyumba moja, ya waya ya wati 300 inatosha kabisa. Chapa za Total na Ingco zinapatikana kwetu na nimezifanyia kazi zote mbili. Zinatikisa mkono zaidi kuliko Makita ninayotumia sasa, na kaboni zake (vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota) zinakwisha mapema, lakini kaboni fundi yeyote anakubadilishia. Ukiwa tayari una drili ya betri ya kampuni fulani, basi nunua maltituli tupu ya kampuni hiyo hiyo uitumie betri uliyonayo. Usibabaishwe na maandishi ya 20V dhidi ya 18V: zote zina seli tano kwa mfululizo, 18 ni kipimo cha kazi na 20 ni cha betri iliyotoka kuchajiwa. Mimi nilihamia betri kwa sababu ya umeme. Aliyekuwa Unguja ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, anajua. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa ami yangu, na kazi zote tulizimaliza kwa mkono.

Tahadhari moja kubwa kwa wanaoletewa vitu na jamaa walioko nje. Niliwahi kuletewa mashine kutoka Marekani, mpya, ndani ya boksi lake. Nikaichomeka kwa adapta ya kichwa tu. Ililia kwa sauti ya juu kupita kiasi, ikatoa moshi, ikazima. Ilikuwa ya 120V, soketi zetu ni 230V. Na zile za mitumba ya Uingereza zenye plagi ya manjano ya duara ni za 110V. Soma kibati kabla ya kuchomeka chochote.

Pesa utakayookoa kwenye mashine iweke kwenye bledi. Yale maboksi ya bledi 50 kwa bei ya tatu niliyanunua mara moja, na kwenye mvule kila moja ilidumu dakika chache. Baimetali tatu nzuri, ya kabaidi moja na ya grauti moja zitaimaliza nyumba yako. Zipanguse kwa mafuta ya cherehani ukimaliza, zifunge kwenye kopo. Hewa ya bahari inazila hata usipozitumia.

Vaa barakoa ya kweli, ya N95. Si kitambaa. Unga wa mvule unawasha ngozi na kubana kifua, wa tailizi na saruji unaingia mapafuni na hautoki, na rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, hizo zikwangue zikiwa zimelowa, kwa kikwangulio cha mkono na mashine imechomolewa. Ami yangu alikata mvule miaka thelathini bila kujifunika na sasa hapandi ngazi ya nyumba yake bila kupumzika njiani.

Grinda yako ibaki nayo. Nondo, saruji, kukata tailizi kwa mstari ulionyooka, hizo ni kazi zake.

Kabla hujakata chochote, nipigie picha miimo yote miwili, mbele na nyuma, uweke rula pembeni nione unene. Ukizidi sentimita 8 tutapanga mkato kwa namna nyingine. Na kama kuna soketi au swichi karibu na mlango, niambie waya wake unapita wapi. Zima umeme wa chumba hicho kwanza, kisha tuendelee.