Faiba inayochoka saa mbili usiku

SWALI: Fundi, habari ya kazi? Naishi Donholm, ghorofa ya nne. Nalipia megabiti 20 kwa sekunde. Asubuhi intaneti inakimbia, lakini saa mbili usiku watoto wakitaka katuni, inazunguka tu. Kampuni kila mara inaniambia nizime rauta niwashe tena. Nimezima hadi swichi imelegea. Waya umeharibika? – Mama Kevo

JIBU: Pole, Mama Kevo. Waya tuuache kwanza. Faiba hubeba intaneti kwa mwanga, na mwanga ukiwa hafifu usiku, na asubuhi utakuwa hafifu vilevile. Shida inayokuja saa mbili na kuondoka saa tano ni ya watu wengi kutumia kwa pamoja.

Faiba ya majumbani nyingi ni ya aina ya GPON, yaani nyumba nyingi kugawana unyuzi mmoja. Unyuzi mmoja unafika mtaani, splita (kigawanyaji cha mwanga) inaugawia nyumba 32, pengine 64, na zote zinagawana gigabiti 2.5 hivi za kupakua. Sasa piga hesabu: hata mkiwa 64 na wote mmewasha, kila nyumba ina karibu megabiti 39. Wewe umelipia 20. Kwa hiyo mimi siishuku splita. Nashuku njia ya kampuni huko mbele, au Wi-Fi ya ploti yenu.

Azima laptopu, ichomeke kwenye rauta kwa waya, simu zote zizimwe Wi-Fi. Pima kasi saa nne asubuhi, pima tena saa mbili unusu usiku, siku tatu, ukiandika kwenye daftari. Kila ukimaliza kwa waya, pima na kwa simu moja yenye Wi-Fi. Waya ukitoa 20 usiku na simu ikitoa 4, yaelekea ni rauta za majirani zinazopigiana kelele kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, hamia yale ya 5 GHz, ila ukae karibu, maana kuta huizuia upesi. Kasi ya waya nayo ikishuka usiku, wapelekee kampuni hilo daftari. Wakikutajia swichi tena, waulize namba za usiku kwenye daftari zinasemaje.

Waya wa faiba ukiwa mbovu hauchagui saa. Juzi huko Zimmerman nilikuta nyumba ambayo intaneti ilikatika mchana na usiku, taa nyekundu ya LOS (ya kuonya kuwa mwanga haufiki vizuri) ikiwaka na kuzima. Kipimo cha mwanga kilisoma -29 dBm (kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu), na rauta hizi nyingi mwisho wake ni -27. Nikavuta kabati: unyuzi umekunjwa kama kona ya bahasha. Nilipounyoosha, ikasoma -21. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua rauta mpya.