Kadi ya pili ya picha: afadhali uuze uliyonayo

Ndugu, umeuliza iwapo kuongeza kadi ya picha ya GTX 1070 ya pili kutaipa kompyuta yako ya gemu kasi maradufu. Sikushauri. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Nvidia, kampuni inayotengeneza kadi hiyo, haiandai tena mipangilio mipya ya SLI (njia ya kuziunganisha kadi mbili zifanye kazi pamoja) kwa kadi za kizazi hicho, kwa hiyo katika gemu nyingi mpya kadi ya pili itakaa bure, na hata pale zinaposhirikiana, GB 8 za kumbukumbu za kila moja hazijumlishwi kuwa 16, kwa kuwa kila kadi hutunza nakala yake ya data zilezile. Utaongeza takriban wati 150 za umeme na, kwa joto letu la Dar, kadi ya juu itavuta hewa moto inayotoka kwenye ya chini. Uza uliyonayo, ununue moja yenye nguvu zaidi. Ukiipata Kariakoo ikiwa imetumika, mwombe muuzaji aiwashe kwa gemu nzito walau nusu saa kabla hujalipa.